Kukinga Uvungu wa Gari Dhidi ya Kutu: Mwongozo Kamili kwa Barabara za Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Fungua plastiki ya tao la tairi la nyuma kwenye gari lililopita barabara za Kakamega au Vihiga msimu mzima wa masika, utakuta udongo mwekundu umejishikiza pale juu kama kiota cha nyigu. Uchokore kwa kidole wiki mbili baada ya mvua kukatika: juu umekauka, ndani bado una unyevu. Hapo ndipo kutu huzaliwa. Bati linaguswa na maji usiku na mchana, hewa ipo, na jua halifiki.

Kabla ya kununua kopo lolote, elewa kinga hufanya nini. Kazi yake ni moja, kutenganisha chuma na maji na hewa. Ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu, inazuia maji kuingia. Ikipakwa juu ya kutu yenye unyevu, inazuia maji kutoka. Gari lililopakwa lami juu ya kutu linaweza kuoza haraka kuliko lile ambalo halikupakwa chochote, na mwenyewe asijue, maana akichungulia chini anaona weusi unaong'aa. Mchwa hula mlango vivyo hivyo: rangi inabaki imesimama, mbao zimekwisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuosha, kukwangua na kukausha. Kupaka ndiko kunakochukua muda mfupi zaidi, na fundi anayeahidi kumaliza yote kwa saa mbili kuna hatua anaziruka.

Kinachokula bati huku kwetu

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo gari la Kisumu halipambani na upepo wa chumvi kama la Mombasa. Adui wetu ni unyevu usioisha na matope yanayokaa. Magharibi mwa nchi mvua hunyesha karibu kila mwezi, na udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyando, hujaza matundu ya chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, na kukaa humo ukiwa mbichi. Barabara za marram nazo hurusha kokoto zinazobandua rangi ya kiwandani kwenye matao na kingo za chini.

Mizigo huongeza balaa. Mbolea ya CAN inavuta maji kutoka hewani, na chembechembe zake zikiingia kwenye mishono ya kitanda cha pikapu hutafuna chuma kwa kasi. Magari yanayobeba mbolea Uasin Gishu na Trans Nzoia wakati wa kupanda yaoshwe kitanda na uvungu siku ile ile mzigo unaposhushwa. Gari la samaki pia: barafu inayeyuka, maji yenye ute wa samaki na chumvi yanachuruzika usiku kucha kwenye chesi. Nakuru kuna ziwa la magadi, na matope ya ufuoni mwake yana chumvi, hivyo ukitoka mbugani usilaze gari bila kulimwagia maji chini.

Halafu kuna kutu iliyokuja na gari. Magari mengi tunayonunua yalitumika Japani kwanza, na mikoa ya kaskazini ya huko, kama Hokkaido na Aomori, hupata theluji nyingi na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Ukiagiza gari, soma karatasi ya mnada: kwenye mchoro, herufi S humaanisha kutu na C humaanisha bati lililoliwa, na namba inayofuata ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Kuwa macho pia na gari lililopakwa weusi mpya chini muda mfupi kabla ya kuuzwa. Huenda limekingwa, huenda limefichwa. Kuligonga kutakuambia.

Kagua kabla ya kuamua

Utahitaji tochi yenye mwanga mkali, bisibisi kubwa ya mpini mgumu, sumaku ndogo na brashi ya waya. Inua gari, liweke juu ya stendi kwenye sakafu ngumu, weka kabari kwenye tairi zinazogusa chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na kwenye ardhi ya udongo tanguliza ubao mnene chini ya stendi, kwani mvua ikinyesha usiku stendi huzama upande mmoja.

Anza na vizingiti, yaani ile sehemu yenye uwazi ndani inayopita chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma, kila sentimita 5. Bati zima hulia kwa sauti kali na mpini unarudi mkononi. Ukifika palipooza sauti inakuwa butu kama unagonga boksi la karatasi, na mara nyingi vumbi la kahawia linadondoka kupitia tundu la chini. Peleka sumaku hapo. Ikikataa kushika, kuna mtu aliwahi kujaza faiba au puti ya bodi.

Baada ya vizingiti, angalia mdomo wa tao la tairi la nyuma, pale bati la nje na la ndani yanapokunjwa pamoja. Mahali pa kuwekea jeki. Vikalio vya springi. Fremu ndogo inayobeba sasipensheni ya nyuma. Paipu za breki zinapopita kwenye vibanio. Na mishono yote ya sakafu. Kwa pikapu na magari makubwa yenye chesi ya ngazi (vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi), ingiza tochi ndani ya chesi kupitia matundu yake, hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Matope hupenda kutulia pale.

Unachokiona kigawe katika makundi matatu. Kutu ya juu juu, ambayo ikipigwa brashi inaacha chuma kigumu, utaitibu mwenyewe. Kutu ya magamba, inayobanduka vipande kama keki iliyoungua, inahitaji kukwanguliwa yote ndipo ujue kilichobaki chini yake. Tundu, au bati linalobonyea ukilisukuma kwa bisibisi, ni kazi ya kuchomelea na hakuna rangi itakayoliokoa. Kwa sakafu na vizingiti, fundi wa bodi akate hadi afike kwenye chuma kizima na aweke bati la milimita 1 hadi 1.2. Kwa chesi ya pikapu atumie bamba lenye unene ule ule wa chesi. Kuziba tundu la kizingiti au chesi kwa faiba ni kuhatarisha maisha ya abiria, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazobeba gari na kupokea nguvu za ajali. Paipu ya breki iliyovimba kutu ibadilishwe, isipakwe rangi.

Kuchagua kinga

Lami ya uvungu, ile nyeusi nzito yenye mpira ndani, ni rahisi na hupunguza kelele za kokoto. Inafaa gari jipya au bati lililokwisha kupata praima (rangi ya msingi) nzuri. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka hukakamaa na kupasuka, maji hupenya kwenye ufa na kusambaa nyuma yake bila kuonekana. Kuipaka moja kwa moja juu ya gari kuukuu ndilo kosa linaloharibu magari mengi zaidi.

Nta ya kinga hubaki laini. Kokoto ikiikwaruza, hujisogeza na kuziba jeraha dogo, na kwa kuwa nyingine hupitisha mwanga, kutu ikianza utaiona. Haivumilii mashine ya presha ikisogezwa karibu, na kwenye matao yanayopigwa na matope huisha upesi.

Mafuta ya lanolini hutokana na manyoya ya kondoo. Hutambaa kuingia kwenye mishono ambamo brashi haifiki na hushika hata mahali ambapo kutu ya juu juu haikuisha kabisa. Kwa gari lenye umri, ambalo huwezi kulifikisha kwenye chuma cheupe kila mahali, hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Hudai kurudiwa kila mwaka, na isiachwe ikalowanisha bushi na buti za mpira.

Praima ya epoksi, ile inayochanganywa na kikazo chake (dawa ya kuifanya iwe ngumu), ndiyo msingi bora kwa chuma kilichokwanguliwa hadi kikawa cheupe, kwa sababu inashika sana na kuzuia maji. Redoksaidi, praima nyekundu ya kawaida ya dukani, ni nafuu na inapatikana kila mahali, lakini ikiachwa peke yake hupitisha unyevu. Ukiitumia, lazima ifunikwe.

Kwa barabara zetu mpangilio tunaoutetea ni huu: epoksi kwenye kila palipokwanguliwa, rangi ya chesi juu yake, lami ya mpira kwenye matao na kingo za vizingiti tu, maana huko ndiko kokoto zinapiga, nta au lanolini kwenye sakafu, chesi na sasipensheni, na nta nyepesi ndani ya vizingiti na boksi zote zilizofungwa.

Lipo pia suala la oili chafu. Gereji nyingi huipuliza ikiwa imechanganywa na dizeli, na ni kweli inachelewesha kutu kwa muda. Lakini oili iliyotumika hubeba asidi na masizi ya injini, hulainisha bushi na buti hadi zinavimba, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika kila siku. Mvua ya kwanza huisukuma mtaroni. Hapa Kisumu mtaro huishia Kisat au Auji, na mito hiyo huingia ziwani ambako watu wanavua. Tena ikishapulizwa, hakuna rangi itakayoshika chuma hicho bila kusafishwa upya kwa thina. Lanolini hufanya kazi ile ile bila asidi na masizi hayo.

Vile visanduku vya umeme vinavyodaiwa kuzuia kutu ukivifunga kwenye betri, viache. Kipande cha zinki au magnesiamu hukinga mashua ya chuma kwa sababu sehemu inayokingwa imezama majini na mkondo unapita ndani ya maji hayo. Gari liko hewani, mkondo hauna pa kupita.

Vipimo na vifaa

Kiasi cha kinga kinapigiwa hesabu, hakikisiwi. Lita 1 ikipakwa unene wa mikroni 500, yaani nusu milimita ikiwa mbichi, hufunika mita 2 za mraba. Kwa mikroni 200 hufunika mita 5 za mraba. Uvungu wa gari kama Probox au Fielder, pamoja na matao manne, ni takriban mita 8 hadi 9 za mraba. Ukiondoa tangi, egzosi na sehemu zisizopakwa, na ukirudisha kiasi kinachopotea hewani wakati wa kupuliza, unahitaji:

- praima ya epoksi lita 1, ukihesabu na kikazo chake
- rangi ya chesi lita 1
- lami ya mpira lita 2, kwa matao na kingo
- nta au lanolini lita 3, kwa sakafu na sasipensheni
- nta nyepesi ya ndani lita 2
- dawa ya kugeuza kutu nusu lita
- thina lita 2 na vitambaa vyeupe vya pamba
- sabuni kali ya kukata grisi lita 2
- brashi za waya 3, brashi ya waya ya grainda ya inchi 4½, msasa namba 80 na 120
- tepu ya karatasi roli 3, mifuko ya nailoni, grisi kidogo

Kwa pikapu ya chesi ya ngazi ongeza nta ya nje hadi lita 5 na ya ndani hadi lita 4. Utahitaji kompresa inayotoa bar 4 hadi 6 bila kuchoka, bunduki ya lami inayofungwa moja kwa moja kwenye chupa ya lita 1, na mrija mrefu wenye pua inayotawanya pande zote kwa ajili ya sehemu za ndani. Mrija huo ndio watu wengi huukosa, na bila huo sehemu za ndani hazikingwi.

Vaa miwani ya kinga, glavu za nitrili na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kitambaa mdomoni huzuia vumbi pekee, mvuke wa thina unapita. Rangi za kikazo cha isosayaneti ziachie chumba cha rangi chenye mashine ya kumletea mpulizaji hewa safi. Hudhuru mapafu na hazihitajiki kwa kazi hii.

Kazi yenyewe

Chagua wakati. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Kisumu mvua hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo panga kupaka kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, au fanya kazi ndani ya banda. Nakuru, Kericho na Timboroa usiku una baridi na umande, na chuma cha asubuhi huwa kimetoka jasho hata kama hulioni. Chuma lazima kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kujitokeza), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kama huna kipimo, futa chuma kwa kitambaa kilichoroweshwa kidogo kwa maji: alama ya maji isipokauka ndani ya dakika 15 au 20, siku hiyo si ya kupaka.

Hatua ya 1. Vua. Toa tairi zote, plastiki za matao, vifuniko vya chini ya injini na vya paipu. Klipu za plastiki hukatika, nunua kumi za akiba mapema. Toa vizibo vya mpira vilivyoko sakafuni na kwenye vizingiti, na uviweke pamoja na alama ya mahali vilipotoka. Inua zulia la ndani ukague sakafu kwa juu, maana maji ya mlango unaovuja huozesha sakafu kutoka ndani na ukapaka chini bure.

Hatua ya 2. Osha. Kwanza chokora matope makavu kwa kijiti. Kisha ingiza mpira wa maji wa kawaida ndani ya tundu la chesi au kizingiti na uache maji yatiririke bila presha kubwa. Yanayotoka upande wa pili mwanzoni huwa mazito kama uji wa wimbi, baadaye kama chai ya rangi. Endelea hadi yatoke meupe. Kwa gari kubwa lililokaa Kano, tundu moja huweza kuchukua dakika 20, na hakuna njia ya mkato. Nje tumia mashine ya presha, lakini usiisogeze chini ya sentimita 30 kutoka kwenye beringi, buti za sivi (mipira inayofunika jointi za ekseli), viunganishi vya waya na pumuo la difu. Sabuni ya kukata grisi ikae dakika 5 hadi 10, kisha suuza.

Waambie wa kar wash wasipulize dizeli au mafuta ya taa. Ni desturi yao kwa sababu uvungu unabaki unang'aa, lakini utando unaobaki ndio unaofanya rangi ibanduke kama ganda la ndizi. Na usiliingize gari ziwani kuliosha. Beringi na difu vikiwa vya moto vikapozwa ghafla na maji, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili na pumuo.

Hatua ya 3. Kausha. Hii ndiyo hatua inayochukiwa na ndiyo inayoamua. Puliza mishono yote kwa hewa ya kompresa, rudisha tairi, endesha gari kilomita 20 au 30 kwenye lami kavu, kisha liache saa 24 mahali penye upepo. Chomeka kipande cha tishu kwenye mshono wa kizingiti na kingine ndani ya tundu la chesi. Vikitoka vimelegea kwa unyevu, subiri siku nyingine.

Hatua ya 4. Kwangua. Magamba yaondoe kwa nyundo ndogo na patasi, kisha brashi ya grainda, kisha msasa namba 80. Lami ya zamani iliyoshika imara iache. Ile inayoinuka ukipitisha kisu chini yake, itoe yote hadi ufike inaposhika, na kingo zake zisuguliwe zitelemke taratibu. Karibu na tangi la mafuta na paipu zake tumia brashi ya mkono. Cheche moja na mvuke wa petroli vinatosha kuteketeza gereji. Usikifanye chuma kikang'aa kama kioo pia. Brashi ya waya ikizungushwa sana hulainisha chuma na praima hukosa pa kushika, kwa hiyo malizia kwa msasa.

Hatua ya 5. Tibu kutu iliyobaki. Dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya taniki au ya fosforiki, hugeuza kutu nyembamba kuwa utando mweusi uliotulia. Ipake mahali penye vijishimo ambamo msasa haufiki, na si kwenye chuma cheupe, maana haina cha kugeuza. Paka nyembamba na ufuate maelezo ya kopo kuhusu muda na kama inasuuzwa. Haifanyi kazi juu ya magamba. Hugeuza ngozi ya juu tu, na chini kutu inaendelea.

Hatua ya 6. Ziba na funika. Funga kwa mifuko na tepu: diski, kalipa na drami za breki, egzosi yote pamoja na katalisti, propela shafti, buti za sivi, bushi, shoki, sensa na viunganishi vya waya, kebo za breki ya mkono, pumuo za difu na gia, rejeta, na namba ya chesi iliyogongwa, kwa sababu itahitajika kwenye ukaguzi. Nyuzi za kurekebishia usukani zipakwe grisi, ama sivyo fundi wa alaimenti atazikata. Matundu ya kutolea maji yaingize vijiti vya kiberiti ili kinga isiyazibe, utavitoa mwishoni.

Hatua ya 7. Praima. Futa kila palipokwanguliwa kwa thina na kitambaa cheupe, ubadilishe upande wa kitambaa mpaka kitoke kisafi. Changanya epoksi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, upime kwa kikombe chenye alama. Kukadiria kwa macho ndiko kunakozaa praima inayobaki na ulaini wa gundi wiki nzima. Changanya kidogo kidogo, kwani kwa joto la Kisumu mchanganyiko huganda mapema kuliko kopo linavyosema. Kwenye mishono tumia brashi na ukandamize, mahali pa wazi unaweza kupuliza. Paka mara mbili, ukiheshimu muda ulioandikwa kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Muda huo ukipita, sugua kidogo kwa msasa 120 kabla ya kuendelea.

Ikishakauka, jaribu mahali pasipoonekana: chora alama ya X kwa wembe hadi kwenye chuma, bandika tepu, ikandamize, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, rudi hatua ya 4. Ni afadhali kujua leo.

Hatua ya 8. Rangi na lami. Rangi ya chesi mkono mmoja hadi miwili juu ya praima. Kwenye matao na kingo pulizia lami ya mpira kwa bar 4 hadi 6 ukiwa umbali wa sentimita 25 au 30, mikono miwili ya mikroni 300 hadi 500 kila mmoja, na uache wa kwanza ukauke kama kopo linavyoelekeza. Mkono mmoja mzito hufunga thina ndani na baada ya siku chache unaona malengelenge.

Hatua ya 9. Nta au lanolini ya nje. Siku inayofuata, iweke chupa kwenye ndoo ya maji moto ili iwe nyepesi, mbali na moto wowote. Pulizia mishono kwanza, kisha sakafu, chesi, mikono ya sasipensheni na vichwa vya bolti. Unene wa mikroni 200 unatosha, na ikianza kudondoka umezidisha.

Hatua ya 10. Sehemu za ndani. Ingiza mrija hadi mwisho wa kizingiti, bonyeza, na uuvute taratibu kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde. Utajua imeenea nta ikianza kuchuruzika kwenye matundu ya kutolea maji. Fanya vivyo hivyo kwenye chesi, sehemu ya chini ya milango na ndani ya mkunjo wa tao la nyuma. Usipeleke mrija juu ndani ya nguzo ya katikati: mle kuna roli ya mkanda wa usalama, na katika magari mengi kuna pia waya za mifuko ya hewa. Mkanda ukishikwa na nta hautarudi.

Toa mifuko, tepu na vijiti vya kiberiti, pitisha waya kwenye kila tundu uhakikishe liko wazi, rudisha vizibo. Acha gari saa 24 kabla ya kuingia matopeni. Harufu nyepesi ya nta kwenye egzosi kwa siku moja au mbili ni ya kawaida. Moshi si wa kawaida, simama ukasafishe palipomwagikiwa.

Mambo yanayoharibika, na chanzo chake

Kinga ikibanduka kwa vipande vikubwa huku chuma cha chini ni cheupe na kisafi, kulikuwa na dizeli, grisi au umande. Ikibanduka ikiwa na unga wa kahawia nyuma yake, kutu haikutolewa. Malengelenge madogo yenye maji ukiyatoboa yanamaanisha mshono haukukauka. Gari likianza kutetema kuanzia mwendo wa kilomita 80 kwa saa, angalia kama propela shafti ilipakwa, kwani uzito mdogo upande mmoja huiondolea mizani. Breki zikivuta upande mmoja au zikishika vibaya, huenda diski imeguswa: isafishe kwa dawa ya kusafishia breki, na kama pedi zimenyonya mafuta zibadilishe zote za ekseli hiyo. Maji yakisikika yakicheza ndani ya mlango au kizingiti ukipiga kona, tundu limezibwa, na hilo lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Ufuatiliaji

Ingia chini ya gari mara mbili kwa mwaka, Juni baada ya masika na Januari baada ya vuli. Nta kwenye matao hurudiwa kila mwaka, sakafuni kila miaka miwili, lanolini kila mwaka kila mahali. Nta ya ndani ya vizingiti huweza kukaa miaka mitatu au zaidi, lakini gonga kwa mpini wa bisibisi kila ukaguzi, na chungulia kwa tochi. Kokoto ikifunua chuma kwenye tao, kipake siku hiyo hata kwa brashi ndogo: msasa, thina, praima, lami.

Baada ya safari ya matope, mpira wa maji wa kawaida unatosha, dakika tano kila tao, ukianzia juu ya mkunjo wa tairi la nyuma. Usilete gari bichi ukalifungia gereji isiyopitisha hewa. Liache nje likauke kwanza, hasa usiku wa Kisumu ambapo joto na unyevu hukaa pamoja mpaka asubuhi.